Vidole Vyetu na Baridi ya Mushaki

Faida mwanangu,

Mama yako na shangazi zako wamenifukuza jikoni. Wanasema muzee anayesimama kati ya vyungu anazuia moshi kutoka. Basi nimechukua kiti changu, nimekaa nyuma ya nyumba kwenye jua, pale tunapoanika maharagi, karatasi juu ya magoti. Kuku wanapita miguuni pangu. Hawajui kwamba kesho wengine wao watapanda kamio ya mizigo pamoja nawe mupaka Walikale.

Mambo ya nyumba sitakuandikia. Kupika bugali unajua, kulima unajua, na namna ya kuishi na mume mama yako amekuambia toka juzi, na kama kuna aliyosahau shangazi zako wameongeza mengine ya uongo. Mimi nataka kukuandikia habari ya vidole vyetu. Ni uriti niliokupa bila kukuuliza kama unautaka, na sijawahi kukaa na wewe nikakueleza yote toka mwanzo. Wewe uliikuta habari hii ikiwa imekwisha kuwa ya kuchekesha. Mwanzo wake haukuchekesha.

Nilikuwa kijana, ndevu zinaanza. Nilikuwa nakamua ng'ombe kwa muzungu mumoja hapa Mushaki, wakati wa Ubeleji. Asubuhi moja mvua ya mawe ilikuwa imeanguka, majani yote meupe, ng'ombe wanatoa moshi puani. Nikiwa katikati ya kazi nikaona chuchu inaniponyoka. Nikafikiri ng'ombe anasumbua. Nikatazama mikono yangu. Vidole vya mukono wa kuume vilikuwa vyeupe kama chokaa ya kuandikia, toka ncha mupaka kifundo cha katikati, na pale weupe ulipoishia palikuwa kama pamechorwa kwa kamba. Haviumi. Havisikii. Niliuma kimoja kwa meno, ikawa kama nimeuma kipande cha muhogo.

Kapita, musimamizi wetu, alikuja kugomba juu ya maziwa yaliyomwangika. Alipoona mukono wangu akarudi kinyumenyume, akakwaa ndoo, akakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe. Alisema akiwa pale pale chini:

"Usiguse tena kitu ya hapa. Uko na ukoma."

Mimi mwenyewe nilimuamini. Nilitoka mbio mupaka nyumbani, nikaingiza mikono kwenye makaa, maana niliwaza kwamba kama ni baridi, moto utaiondoa. Kidole kisichosikia hakikuambii kwamba kinaungua. Niliposikia harufu, nilifikiri ni mutu fulani anachoma nyama. Lile kovu la kidole kidogo, ulilokuwa ukilishika ukiwa mutoto ukaniuliza ni nini, nami nakujibu ni panya aliniuma, njo lilitoka hapo. Hakukuwa na panya, Faida. Ni papa yako na ujinga wake.

Toka siku ile nikajitenga. Hakuna aliyenifukuza nyumbani, mimi mwenyewe nilichukua sahani yangu, nikawa nakula peke yangu nyuma ya zizi. Mama yangu, nyanya yako, aliniacha kidogo tu. Jioni moja akaja na chungu kizima cha maharagi, akakaa karibu yangu kwenye mawe.

"Sogea," akasema.

"Mama, nitakuambukiza."

"Kama ni ukoma nitakuwa nayo na mimi. Sogea, chakula inapoa."

Tukala, mukono wake na wangu katika chungu kimoja. Sikuwahi kusikia maharagi matamu namna ile. Lakini kwa watu wengine niliendelea kuficha. Nilikuwa na koti refu la marehemu baba yangu, nikawa naweka mikono ndani ya mifuko, jua na mvua. Walionijua walidhani nina majivuno. Wasionijua walidhani nimeiba kitu.

Mama yako njo aliniondoa ndani ya lile koti. Yeye ni mutu wa Muheto, unajua, na alikuwa anakuja kwenye soko letu na kitunga cha maharagi kichwani. Siku moja nilisimama mbele ya kitunga chake. Alinipa mukono, mimi nikampa kiwiko.

"Weye," akasema, "unanisalimia na kiwiko. Mikono yako unaiweka kwa nani?"

Watu wa soko wakacheka. Nikaona haya, na haya inaleta weupe kama vile baridi inavyoleta, hilo sikulijua bado. Nikataka kuondoka, akanishika koti. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila mchezo sasa, "Nionyeshe." Sijui kwa nini nilimuonyesha. Hata ndugu zangu sikuwaonyesha.

Hakuruka nyuma. Alishika vile vidole vyeupe, akavipulizia kama unavyopulizia moto wa asubuhi, kisha akavisukuma chini ya kwapa zake, juu ya nguo, mbele ya soko lote. Wamama wengine wakasema mambo ambayo sitayaandika. Yeye akavitoa, akawa anavitazama tu. Vidole vikatoka kwenye weupe, vikawa vya buluu kama maua ya viazi, halafu vikawa vyekundu, na hapo njo vinachoma, wewe unajua namna vinavyochoma. Vikarudi vidole vya mutu.

Akafikiri. Akasema: "Jirani yetu ya Muheto alikuwa na ukoma. Ile ya kwake haikuenda na kurudi. Hii yako inaenda, inarudi. Hii ni kitu ingine. Twende kwa dispansari."

Sikujua hata jina lake.

Tuliteremuka mupaka Sake, yeye na kaka yake mukubwa na mimi. Pale kwenye dispansari palikuwa na daktari muzungu, muzee mwenye miwani, na enfirmie, muuguzi mumoja wa kwetu aliyekuwa anatafsiri, Papa Aloisi. Nikaeleza yote. Daktari akataka kuona. Lakini Sake ni chini, kuna joto, na ndani ya kile chumba kulikuwa na jiko la kuchemushia sindano. Vidole vyangu vilikuwa vizuri kama vya mutoto aliyetoka kunyonya. Vilikataa kabisa kugeuka. Daktari alinitazama, akamutazama Papa Aloisi, na Papa Aloisi akaniuliza kwa upole kama nilikunywa kasiksi asubuhi. Mama yako akakasirika. Akamuambia daktari, kwa Kiswahili, kwamba hatukutembea njia yote ile kuleta pombe ya ndizi. Sijui Papa Aloisi alitafsiri namna gani, lakini daktari alicheka, akasema tulale pale na tuje mapema.

Alfajiri walinitoa inje bila koti, wakaniweka kwenye upepo wa ziwa, mikono ndani ya beseni la maji ya chemuchemu. Hapo vidole havikukawia. Kimoja kikageuka, kingine kikageuka, na daktari akafurahi kama mutu aliyeona ndama anazaliwa. Akaita wasista. Akaita mupishi. Kila mutu akaja kutazama vidole vyangu, na kwa mara ya kwanza walitazama bila kurudi nyuma.

Baadaye, mikono ilipopata joto, alinifunga macho na kitambaa, akawa ananigusa na uzi wa pamba, mara kidole hiki, mara kile, mara ncha ya sindano, nami namuambia wapi. Sikukosea. Akatafuta alama za ukoma kwenye ngozi ya mugongo na ya mapaja, akashika mishipa ya kiwiko. Kisha akakaa, akaeleza polepole, na Papa Aloisi akatafsiri, na mama yako akasikiliza kwa sisi wawili maana mimi nilikuwa nalia.

Alisema hivi. Damu inafika kwenye vidole kwa njia nyembamba sana. Mutu yeyote akisikia baridi, njia zile zinajibana kidogo, ili joto libaki ndani, kwa moyo na kwa tumbo. Ni akili ya mwili. Kwa watu wengine zile njia zina woga wa kupita kiasi. Baridi ndogo tu, ao mushituko, ao hasira, na zinajifunga kabisa. Damu haipiti, kidole kinakuwa cheupe. Ile kidogo iliyobaki ndani inachoka, kinakuwa cha buluu. Njia zikifunguka damu inarudi kwa haraka, kinakuwa chekundu na kinachoma. Hata vidole vya muguu vinafanya vile. Si ukoma. Haiambukizi. Haikutoka kwa marehemu wala kwa jirani mwenye wivu. Hakuna dawa ya kuiondoa, alisema, lakini mutu anaishi nayo mupaka uzee kama anajua kuitunza.

Mama yako akauliza: "Na watoto?"

Sikuwa nimesema neno lolote juu ya watoto, Faida. Sikuwa nimesema neno lolote juu ya kitu chochote. Kaka yake alikohoa. Daktari akajibu kwamba mutoto anaweza kuipata, ao asiipate, na akiipata hatakufa nayo.

"Basi," mama yako akasema, na akasimama. Kwenye njia ya kupanda niliuliza jina lake.

Siku ya ndoa yetu haikuwa na baridi hata kidogo, jua lilikuwa kali juu ya kanisa. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga, na njia zangu za damu zikaogopa kabla yangu. Padri aliponiambia nitoe mukono, kidole kilikuwa cheupe na chembamba, pete ikaingia, ikatoka, ikaanguka, ikaviringika chini ya viti. Wamama wakainama, wazee wakainama, katekista akaingia chini ya benchi mupaka kiuno. Mama yako alicheka mbele ya altare mupaka padri naye akacheka. Ninakuandikia hii kwa sababu jumamosi, ulipokuwa unaolewa, uliniuliza kwa nini mama analia na kucheka pamoja wakati Petro anakuvisha pete. Njo hii.

Halafu wewe ulikuja. Nilikutazama vidole toka siku ya kwanza. Kila asubuhi ya baridi nilikuwa navifunua, nahesabu rangi zake, na mama yako ananiambia nimuache mutoto alale. Miaka ikapita, nikaanza kusahau. Kisha siku ile ulirudi kutoka kisimani, umekuwa musichana mukubwa kidogo, unateremuka mbio na maji yanamwangika, na mimi niliposikia unapiga kelele nikainuka haraka. Ukafika mbele yangu ukaonyesha mikono.

"Papa, niko na yako."

Ulikuwa unacheka. Ulikuwa na furaha, kama vile nimekupa ng'ombe. Nilijificha kwenye zizi kidogo, ukafikiri nimekwenda kutafuta kamba. Nilikuwa nawaza yule kijana aliyekula nyuma ya zizi lile lile, na namna wewe ulivyokuja mbio na kitu kile kile mikononi bila hata punje ya haya. Hiyo ilinifurahisha kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Toka hapo tukawa wawili. Unakumbuka namna tulivyokuwa tunazungusha mikono uwanjani kila asubuhi, wewe na mimi, kama watu wanaofukuza nyuki, ili damu ikimbilie kwenye ncha. Majirani walisimama njiani kututazama. Mutu mumoja aliuliza kama ni dini mupya.

Sasa nikuambie habari ya siku waliyokuja wakwe zako. Ulikuwepo, lakini ulikuwa na kichwa chini, hukuona niliyoyaona.

Watu wa Petro walikuwa hawajapata kupanda Mushaki. Waliteremuka kwenye kamio wakiwa na mashati ya Walikale, mashati ya mutu anayekaa porini kwenye joto, na mvua yetu ikawapokea. Shangazi yake, Mama Yulia, tulimupa blanketi, akaomba lingine, akaomba na la kitanda changu. Alikaa kama furushi, macho tu inje. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mujomba wa Petro alikuwa amesema maneno mazuri, nami nimejibu mazuri. Wakati wa kula ukaingia na birika na beseni ili wageni wanawe. Maji ya moto ulikuwa umeyapasha, najua, lakini pale kwenye veranda yalipoa, na wewe ulikuwa unatetemeka toka asubuhi. Ukainama mbele ya Mama Yulia, na vidole vyako vikawa vyeupe chini ya macho yake.

Aliondoa mikono kama aliyeona nyoka.

"Huyu mutoto iko mugonjwa," akasema. "Mulikuwa munatuficha."

Hukuona uso wa mujomba. Alirudisha kofia yake kichwani, mutu anayejiandaa kuondoka. Hukuona Petro. Alisimama, akasema, "Shangazi, miye najua. Faida aliniambia kitambo, mwaka nilipofika kufundisha hapa." Mama Yulia akamujibu bila kumutazama, "Weye unajua nini. Weye uko unapenda tu. Kaa chini." Petro hakukaa. Nilimupenda kijana yule pale, Faida. Kabla ya hapo nilikuwa namuheshimu tu.

Mimi nilitafuta maneno ya daktari, yale ya njia za damu. Yote yalikimbia. Nilipotazama mikono yangu nikaona na yenyewe imegeuka, yote miwili, kwa woga mutupu. Nilikwenda nikapiga magoti kwenye beseni, mbele ya wakwe, nikaweka vidole vyangu karibu na vyako. Vyeupe kwa vyeupe.

"Mama Yulia," nikasema, "hii inatoka kwangu. Niko nayo toka ujana. Tazama kama nimepungukiwa kitu."

Halafu mama yako akatoka jikoni, anapangusa mikono yake kwenye kitambaa, bila haraka. Akakaa chini karibu na Mama Yulia. "Dada," akamuambia, "nimelala na hii mikono ya huyu bwana toka tuoane. Nimezaa nayo watoto. Tazama yangu." Akamupa mikono yake myeusi, mizima. Mama Yulia aliitazama juu na chini. Mama yako akachukua vidole vyako, akavipeleka polepole kwake. "Sasa shika hii. Utaona yenyewe."

Mama Yulia alitoa mukono mumoja kutoka kwenye mablanketi. Akashika.

"Iko baridi kama samaki," akasema. Kisha akakuuliza, na sauti ilikuwa imebadilika: "Inauma, mutoto?"

"Sasa hapana, shangazi. Ikirudi njo inachoma kama upupu."

Hakukuachilia. Akaingiza mikono yako ndani ya mablanketi yote matatu, akainama kutazama, kichwa chake na chako pamoja. Vikawa vya buluu, akasema "Ee." Vikawa vyekundu, akasema "Ee, ee." Uliuma mudomo wakati vinachoma, na yeye akawa anakusugua taratibu, kama mutu anayemuogesha mutoto muchanga. Halafu akainua uso kwa mujomba, akamugombeza:

"Toa kofia. Unakwenda wapi? Huyu mutoto damu yake inakimbia hii baridi ya watu wabaya. Hata yangu iko inakimbia. Tumupeleke kwetu haraka, hawa wanataka kumuua."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mujomba alicheka mupaka kofia ikaanguka yenyewe. Wao njo walioomba siku ya ndoa isogezwe karibu, na sisi tukajifanya kufikiri.

Basi unakwenda kwenye joto, na ninafurahi. Lakini usidanganyike, mwanangu. Porini nako mito ya asubuhi ni baridi, na mvua inapiga siku nzima. Mimi nilipoteza miaka nikifikiri ni mikono tu inayotaka joto. Ni kifua. Vaa triko yako ya sufu kifuani hata wakicheka, vidole vitakushukuru. Moto wa makaa uuache kwa vyungu, maji ya vuguvugu yanatosha. Tumbako usijaribu, mimi nilijaribu na kila kiko kilinipa saa nzima ya weupe. Miguu isibaki na unyevu, na kidonda kidogo kwenye ncha ya kidole usikidharau. Kikikataa kupona, ao ngozi ikianza kukaza, nenda kwa daktari, usingoje kama mimi nilivyongoja.

Na siku utakapogombana na Petro, maana mutagombana, vidole vyako vitamuambia kabla ya mudomo. Usivifiche nyuma ya mugongo. Mimi na mama yako tumemaliza magomvi mengi namna hiyo: mimi nina hasira, yeye anaona weupe, anasema "Lete hapa," na ni vigumu kuendelea kumugombeza mutu aliyekushika mikono.

Kama siku moja mutoto wako akija mbio kutoka mutoni na vidole vya chokaa, muambie yote siku ile ile, kabla jirani hajamuambia. Na unitumie habari. Nitapanda kamio ya kwanza.

Jua limefika kwenye migomba sasa, na huko mbele vijana wameanza kujaribu ngoma. Kesho kamio itakapopiga honi, usinitafute kati ya wale wanaolia. Mama yako ameahidi kulia kwa sisi wawili, anaweza. Mimi nitakuwa mbele pamoja na waimbaji. Sauti yangu unaijua, inafukuza ng'ombe. Lakini kesho nitaimba yote, mupaka kamio ipinde kilima cha mwisho, na wewe uchungulie juu ya mizigo na ucheke mbele ya watu wote.

Ni mimi, uliyeniita Papa kabla hujajua neno lingine.